Urani ya Namtumbo iuzwe kwa sharti

Julai 30, 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa Namtumbo, mkoani Ruvuma, kuzindua kiwanda cha majaribio cha kuchakata urani ya Mto Mkuju. Kiwanda kikubwa kimepangwa kuanza kazi 2029, na uwezo wake utafika tani 3,000 kwa mwaka. Mwenye mradi ni Mantra Tanzania, kampuni iliyo chini ya Uranium One, nayo Uranium One ni mali ya Rosatom, shirika la nyuklia la dola ya Urusi.

Yamesemwa mengi kuhusu mrabaha, ajira za vijana wa Ruvuma, usalama wa maji, na eneo lililomegwa kutoka Selous 2012 ili mgodi upate nafasi. Ni maswali ya haki, na wanaoyauliza wasichoke. Lakini liko swali moja ambalo hatulisikii, ilhali nchi zilizozoea kuuza urani huanza nalo: mali hii ikishatoka bandarini itakwenda kufanya kazi gani, na nani atatuthibitishia?

Msimamo wetu ni mfupi. Kila mkataba wa kuuza urani ya Tanzania uambatane na sharti la serikali kwa serikali, kwamba mali hii haitatumika kutengeneza silaha na haitapelekwa nchi nyingine bila idhini yetu. Na Bunge lilione sharti hilo kabla shehena ya kwanza haijapakiwa.

Wapo watakaotuuliza: kwani sheria za kimataifa hazipo? Zipo, tena nyingi. Shida ni kwamba zimeacha dirisha wazi, na dirisha lenyewe liko upande ule ule watakakotokea wateja wetu.

Tuanze na mkataba mama, Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, maarufu kama NPT, uliofunguliwa kwa saini 1968 na kuanza kutumika Machi 1970. Uliigawa dunia makundi mawili. Waliokwisha kulipua bomu kabla ya Januari 1, 1967, yaani Marekani, Urusi ya Kisovieti, Uingereza, Ufaransa na China, walitambuliwa kuwa wenye silaha. Sisi wengine tuliahidi kutozitafuta. Kifungu cha tatu kinasema urani isiuzwe kwa nchi isiyo na silaha hizo mpaka iwe chini ya ukaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA. Kuhusu kumuuzia mmoja wa wale watano, kifungu kimenyamaza. Mikataba ya ukaguzi ambayo kila nchi husaini na IAEA imefuata mkondo huo huo: nchi inawajibika kutoa taarifa ikiuza unga wa urani kwa asiye na bomu, ikimuuzia mwenye bomu, hailazimiki. Yaani mwenye kisu cha jikoni anapekuliwa mifukoni, mwenye bunduki anafunguliwa mlango na kukaribishwa.

Halafu tuna mkataba wetu wenyewe, wa Pelindaba, unaoifanya Afrika kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Jina limetoka kwenye kituo cha utafiti wa nyuklia kilicho magharibi mwa Pretoria. Kwa Kizulu ni kama kusema maneno yamekwisha, hakuna mjadala tena. Utawala wa makaburu wa Afrika Kusini ulitengeneza mabomu sita, ukayafumua wenyewe, ukajiunga na NPT Julai 1991, na Machi 24, 1993 Rais F. W. de Klerk akasimama bungeni kuungama. Hakuna nchi nyingine iliyounda mabomu yake kwa mikono yake kisha ikayavunja yote. Mkataba ulisainiwa Kairo Aprili 11, 1996, ukakaa miaka 13 ukisubiri nchi ya 28 kuuridhia. Nchi hiyo, Julai 15, 2009, ilikuwa Burundi. Misri, ambako sherehe ilifanyika, haijauridhia. Marekani ilisaini itifaki zinazoihusu siku ile ile ya 1996, na Seneti yake haijazipitisha.

Tanzania ni mwanachama wa Pelindaba. Kifungu cha tatu kinatukataza kumsaidia au kumhimiza yeyote kutafiti, kuunda, kulimbikiza au kumiliki bomu la nyuklia. Yeyote, wale watano hawakutengwa. Lakini ukifika kifungu cha tisa, kinachohusu kuuza malighafi, lile dirisha liko pale pale: sharti la ukaguzi linamgusa mnunuzi asiye na silaha tu. Mtu akivisoma vifungu hivi viwili pamoja anaiona kazi iliyobaki. Kimoja kimekataza tusisaidie bomu la mtu yeyote. Kingine hakikutupa njia ya kuhakikisha pale mnunuzi anapokuwa dola kubwa. Njia hiyo ni lazima tuiandike wenyewe, na mahali pa kuiandika ni kwenye mauzo.

Kwa Namtumbo jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu Rosatom si kampuni ya umeme tu. Inajenga vinu vya umeme Misri na Uturuki, ina uwezo mkubwa kuliko wote duniani wa kurutubisha urani, na ndani ya shirika hilo hilo kuna idara inayotengeneza na kutunza vichwa vya nyuklia vya jeshi la Urusi. Hatusemi hivyo kwa kuwachongea Warusi. Si lazima urani yote iende Urusi. Inaweza kuishia China, Ufaransa au Marekani, nao ni wale wale watano. Na kama mwenye mradi angekuwa Mfaransa au Mmarekani, safu hii ingeandikwa hivi hivi.

Kiasi chenyewe si cha kubeza. Kinu kimoja kikubwa cha umeme hutumia takriban tani 200 za urani asilia kwa mwaka, kwa hiyo tani 3,000 zingelisha vinu kama 15, na huo ni umeme mwingi wa heri. Upande wa pili wa hesabu ni huu: IAEA hutumia tani 10 za urani asilia kama kipimo cha kiasi ambacho, mtu akipotelewa nacho, haiwezekani tena kuondoa shaka kwamba limepatikana bomu moja. Namtumbo ikifika uwezo wake wote itatoa vipimo 300 vya namna hiyo kila mwaka.

Kanda hii inajua gharama ya kuuza bila kuuliza. Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, ndiko ilikotoka sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani uliozaa mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, Agosti 1945. Mwamba wake ulikuwa na utajiri usio na mfano. Mkurugenzi wa kampuni ya madini ya Union Minière, Edgar Sengier, alisafirisha takriban tani 1,200 mwaka 1940 na kuziweka ghalani Staten Island, New York. Septemba 1942 jeshi la Marekani likazinunua. Kisha Septemba 26, 1944 Ubelgiji ikasaini makubaliano ya kuzipa Marekani na Uingereza haki ya kuinunua urani ya Kongo. Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya kambi za Union Minière, lugha ya watu waliolibeba jiwe lile mikononi. Katika karatasi zile hakuna mahali walipoulizwa. Mkongo wa 1944 alikuwa mtawaliwa, hakuwa na kalamu. Mtanzania wa leo anayo, na ndiyo sababu hatutakuwa na pa kujificha.

Bomu nalo lilirudi Afrika upesi. Februari 13, 1960 Ufaransa ililipua la kwanza lake Reggane, katika jangwa la Algeria, na hadi 1966 ilikuwa imelipua 17 katika Sahara. Kwame Nkrumah alizuia mali za Wafaransa nchini Ghana. Nigeria, ikiwa na miezi mitatu tu ya uhuru, ilivunja uhusiano wa kibalozi na Paris. Viongozi wa wakati ule walikuwa na mifuko mitupu kuliko hawa wa leo, na bado walisema.

Sasa tuyasikilize mapingamizi, maana mengine yana hoja.

La kwanza, na lenye nguvu, ni kwamba wakubwa hawahitaji urani yetu kwa mabomu. Ni kweli kwa sehemu. Marekani iliacha kurutubisha urani ya silaha 1964, na Wasovieti wakatangaza kuacha mwishoni mwa miaka ya 1980. Wana akiba hadi hawajui pa kuiweka. Tena kati ya 1993 na 2013 tani 500 za urani iliyokuwa kwenye vichwa vya nyuklia vya Urusi zilipunguzwa makali na kuuzwa Marekani, zikawa mafuta ya vinu. Kwa miaka hiyo, takriban taa moja kati ya kila kumi za Wamarekani iliwashwa na mabomu yaliyokuwa yamewaelekea wao. Ni habari njema kuliko zote katika historia ya silaha hizi, na tunashangaa haisimuliwi mashuleni.

Lakini hiyo ilikuwa enzi nyingine. Februari 5, 2026 muda wa Mkataba wa START Mpya ulikwisha. Huo ndio uliozifunga Marekani na Urusi zisizidishe vichwa 1,550 vilivyowekwa tayari kwa kila upande. Ulisainiwa Prague 2010, ukaongezwa miaka mitano 2021, na maandishi yake hayakuruhusu nyongeza ya pili. Nchi hizi mbili zinamiliki karibu asilimia 90 ya vichwa zaidi ya 12,000 vilivyopo duniani. Mikutano ya mapitio ya NPT ya 2015 na 2022 ilivunjika bila hati ya pamoja, na ile ahadi ya wakubwa, kwamba watakaa kujadili kuziondoa silaha zao, imebaki wino. Mtu anayetuambia tusiulize kwa sababu wana akiba ya kutosha anatutaka tuweke dhamana yetu juu ya tabia yao njema, katika mwaka ambao wameacha kuwekeana dhamana wao kwa wao.

Pingamizi la pili: mwekezaji atakimbia. Hapa jibu ni jepesi, limo kwenye kumbukumbu. Australia ina sera tangu 1977 kwamba hakuna gramu ya urani yake inayotoka bila mkataba wa serikali kwa serikali wa matumizi ya amani, na sharti hilo linawahusu wenye mabomu sawasawa na wasio nayo. China ilisaini 2006. Urusi, hii hii tunayoambiwa tusiiudhi, ilisaini 2007 kule Sydney. Hawakukimbia. Walisoma, wakajadili, wakaweka saini, kwa sababu kinu cha umeme hakipati hasara yoyote kwa kuahidi kwamba hakitakuwa kiwanda cha mabomu.

La tatu ni la kifundi: urani ikichanganywa na nyingine haijulikani tena ni ya nani. Sawa, lakini ukipeleka debe la mahindi kwenye ghala la jirani hutarajii kurudishiwa punje zile zile. Unatarajia debe. Ndivyo Waaustralia wanavyohesabu: kiasi kilichoingia kina alama yao kwenye vitabu, na mnunuzi anadaiwa kiasi hicho hicho kiwe upande wa amani wakati wote. Si mfumo mkamilifu. Ni bora mara mia kuliko kutokuwa na kitabu.

Kwamba ahadi pekee haitoshi, Kanada ilijifunza kwa aibu. Miaka ya 1950 iliipa India kinu cha utafiti kwa maneno mazuri ya matumizi ya amani, bila wakaguzi. Mei 18, 1974 India ililipua bomu lake la kwanza, na plutoni yake ilitoka kwenye kinu hicho. Delhi ikasema mlipuko ule ulikuwa wa amani. Tangu hapo Kanada haiuzi bila ukaguzi, na kundi zima la nchi zinazouza bidhaa za nyuklia liliundwa kutokana na fedheha ile. Kwa hiyo sharti letu nalo liwe na macho: hesabu ya kila mwaka kutoka kwa mnunuzi, na haki ya kusimamisha shehena hesabu isipofika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Machi 2023 wakaguzi wa IAEA walifika kusini mwa Libya wakakuta mapipa 10, yenye takriban tani 2.5 za unga wa urani, hayapo. Muda mfupi baadaye majeshi ya mashariki mwa nchi yakasema yameyaona kilomita chache kutoka ghalani, upande wa mpaka wa Chad. Sehemu kubwa ya unga wa Libya Muammar Gaddafi aliununua Niger zaidi ya miaka 40 iliyopita. Muuzaji alishasahau, mnunuzi ameshakufa, mapipa yakabaki jangwani.

Tanzania haihitaji sheria mpya ili ianze. Tume ya Nguvu za Atomiki iko Arusha na ina wataalamu wake. Sheria ya Madini inaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kila mgodi mkubwa, kwa hiyo kwenye meza ya bodi kiti kipo. Sheria ya 2017 inayohusu mapitio ya mikataba ya maliasili inalipa Bunge mamlaka ya kuyapinga masharti yasiyofaa. Tukiitumia kudai mrabaha tukaacha kuitumia kudai hili, itakuwa tumeisoma nusu. Na Pelindaba inatutaka kupeleka taarifa ya mwaka kwa Tume ya Nyuklia ya Afrika. Tani zinazouzwa, na kwa nani, ziandikwe humo hata kama hakuna aliyetulazimisha.

Majirani nao wanahusika, ila kwa upande wa pili wa kaunta. Kenya, Uganda na Rwanda zote zimesema zinataka vinu vya umeme wa nyuklia. Siku zitakapokwenda sokoni, muuzaji, awe Mmarekani, Mkorea au Mrusi, atazisomea masharti: msirutubishe bila kibali, msiuze kwa mwingine, wakaguzi waingie. Zitasaini, na hakuna atakayeita hayo ukorofi. Iweje basi Mwafrika akinunua awekewe masharti, na akiuza aone haya kuyaweka?

Kwa kweli tayari kanda hii inafanya kazi ya ulinzi kimyakimya. Kilimambogo nchini Kenya na Mbarara nchini Uganda kuna mitambo inayosikiliza mtetemo wa ardhi usiku na mchana. Dar es Salaam kuna inayochuja hewa kutafuta chembe za mionzi. Yote ni sehemu ya mtandao wa dunia wa kunasa majaribio ya nyuklia, na taarifa zake huenda Vienna. Tunazifuatilia silaha za wengine zikilipuliwa. Ni ajabu kidogo kushindwa kuifuatilia mali yetu wenyewe.

Kwa desturi ya biashara hii, mikataba ya urani husainiwa miaka kadhaa kabla ya shehena ya kwanza kuondoka. Kwa kiwanda cha 2029, hiyo ni sasa. Tunawaomba wabunge wa Ruvuma, na Kamati ya Bunge ya Nishati na Madini, wamwombe Waziri alete mezani rasimu ya masharti ya mauzo katika mkutano unaofuata, na wasome kwanza ukurasa unaomhusu mnunuzi.